Gari Linatetemeka Kila Nikitoka Ukweni

Mama Gaudencia mpendwa, nisaidie kabla sijabaki na gari bila mke.

Mimi ni karani hapa Malaba, nina gari la mwaka 1952, na kila Jumatatu navuka mpaka kwenda Tororo kikazi, sasa shida ni hii, kila nikitoka Angurai kwa wakwe zangu Jumapili kupitia ile njia ya kinamasi, kesho yake nikishika lami na kufika maili hamsini kwa saa usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana, nikipunguza unatulia kama hakuna kitu, na fundi wangu Bwire amekaza kila nati na mimi nimenunua tairi mbili mpya za mbele lakini wapi, na ajabu yenyewe nisipoenda ukweni wiki mbili tatu gari linapona lenyewe. Usidhani silitunzi, naliosha kwa sabuni kila nikirudi, na vile vifuniko vya magurudumu navisugua mpaka naweza kunyolea ndevu hapo. Basi mwezi uliopita mama mkwe alilizunguka gari akiinama na kuchungulia chini, nami tulipofika nyumbani nikamwambia mke wangu Alupo kwamba mama yake ameniwekea kitu. Hakulia wala hakugombana, alifunga nguo zake akasema, "Baki na hiyo gari yako, ikupikie." Yuko kwao mpaka leo, nyumba imekuwa kimya sana, nampenda, lakini nikimfuata huko si nitatetemeka tena?

Vitalis, Malaba

Vitalis,

Safu hii ni ya ndoa, lakini marehemu mume wangu aliendesha lori miaka mingi nami kando yake, kwa hiyo leo nitajibu yote mawili.

Usukani ukitetemeka kwa kasi na kutulia ukipunguza, gurudumu la mbele ni zito upande mmoja. Lingekuwa la nyuma, ungesikia zaidi kwenye kiti. Matope ya kinamasi yanaingia ndani ya ringi, upande unaotazama chini ya gari, yanakauka usiku, na Jumatatu unayazungusha. Ukikaa wiki kadhaa yanabanduka. Ndiyo huo uchawi. Wewe unasugua upande ambao majirani wanaona, halafu unamsingizia mama wa watu aliyeinama pale ambapo wewe hujawahi kuinama.

Nimekuonea huruma uliposema nyumba iko kimya. Kidogo tu. Ulitakiwa kuanza na jeki, wewe ukaanza na mama mkwe.

Jumapili hii nenda Angurai. Omba radhi kwanza, ukisimama mbali kama mkwe anavyotakiwa, na usitaje gari mpaka uulizwe. Kisha piga jeki hapo hapo uani, fungua magurudumu ya mbele, ukwangue matope ya ndani kwa kijiti na maji, mbele ya wote waliosikia kwa Alupo ulichosema. Vile vipande vya madini ya risasi vilivyobanwa kwenye ringi usiving'oe, hivyo ndivyo vinavyolisawazisha gurudumu. Mkirudi mtapita kinamasi kile kile, kwa hiyo nyumbani utakwangua tena, ukiwa umefunga mdomo.

Na kama Alupo atasema hapandi gari hilo, anarudi kwa miguu, liache kwa mama mkwe, nawe umfuate mkeo.