Waliolala Uwanjani Kasikeu

Jumatatu, 12 Januari

Nimefanya mazoezi yangu ya asubuhi nyuma ya choo ili Mama asinione. Ameniona. Baadaye nimeukuta mkeka wangu wa yoga uani, ameanika ndengu juu yake. Kwake hiyo ndiyo kazi ya halali ya mkeka ule. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumatano, 14 Januari

Nimefundisha yoga Nuu, tamasha la vijana, uwanja wa mnada. Jua kali. Tukiwa kwenye mkao wa mti, kila mtu mguu mmoja, mbuzi wakapita katikati. Mmoja akapanda mkeka wa chifu, akagoma kushuka. Chifu naye akagoma. Wakamaliza somo pamoja. Naipenda kazi hii jamani.

Alhamisi, 15 Januari

Mama amejua kuhusu Jumamosi. Nitafundisha kwenye maonyesho ya maembe, Kasikeu, uwanja ulio chini ya kanisa lake.

"Mwende, ya Nuu nilinyamazia. Hapa ni kwetu. Ukiita mapepo mbele ya wamama wa kanisa, usirudi kwangu."

Nimemweleza ni mazoezi ya viungo tu. Ameongeza sauti ya redio. Nimeumia. Nimelia, kisha nimekula muthokoi sahani mbili.

Ijumaa, 16 Januari

Mama haongei nami. Nimehamishia ndengu zake kwenye gunia, nikapangusa mkeka. Nguo zangu zote nimetia kwenye begi. Naogopa. Lakini nitaenda.

Jumamosi, 17 Januari

Bado nacheka.

Wamama walikuja wengi, na sketi zao, leso mabegani. Waliinama, wakajinyoosha, wakataniana. Mwishoni nikawaambia walale chali, wapumzike. Jua la saa sita lilikuwa machoni, basi kila mmoja akajifunika uso kwa leso. Nami nikajilaza, nikajifunika. Kimya kizuri ajabu.

Mtu wa boda akapita barabarani. Akaona watu wamelazwa kwa mistari, wamefunikwa nyuso. Hakuuliza. Alipandisha mbio hadi kanisani, Mama na wenzake walikokuwa kwenye ushirika, akawaambia watu wamekwisha uwanjani.

Tulisikia vilio, kisha miguu. Mtu akawa anafunua leso moja moja, anahema. Nilimjua kwa kuhema. Alipofunua yangu nikafumbua jicho moja. Akanipiga kofi la bega. Akanikumbatia. Akanipiga tena.

"Mwiitu wakwa! Binti yangu! Kumbe uko hai! Na umelala tu!"

Maiti wengine wakaanza kucheka chini ya leso zao. Mchungaji, kwa kuwa alishafika, akaomba. Hatukuinuka. Maombi yalikuwa marefu na hakuna aliyelalamika.

Mama akaniuliza kama yoga yenyewe ndiyo hiyo, kulala. Nikamwambia huo ndio mwisho wake. Akaguna. Akainua begi langu, akauliza mbona zito hivyo. Aliangalia ndani, akafunga zipu, akajitwika kichwani na kushika njia ya nyumbani. Nikamfuata.

Jumapili, 18 Januari

Tumetoka ibada. Nguo zangu zimerudi kwenye kamba, Mama amezifua bila kuniuliza. Mkeka ameutandika kivulini, amejilaza chali, anakoroma. Uso hakuufunika. Amesema barabara hii ina boda wengi.