Tundu Juu ya Kichwa cha Kaisari

Bwiza, Bujumbura

Kwako mdogo wangu Zuhura,

Nakusalimia kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo umependa. Mimi ni mzima. Nauliza hali ya mama, ya mumeo na ya mtoto. Ya kwako utaniambia ukitaka. Simu zako sipokei makusudi, maana kwenye simu utalia nami nitanyamaza, na safari hii sitaki kunyamaza.

Juzi mumeo, maskini wa Mungu asiyejua lolote, alinitumia picha ya mtoto ameketi mkekani huko Ujiji. Nilifurahia mashavu yake. Kisha nikaona kinachoning'inia shingoni. Zuhura, nimetengeneza saa tangu sina ndevu, jicho langu halikosei. Ile ni dinari yangu ya Kirumi, ya yule Kaisari mwenye nywele za kubandika, aliyetawala miezi mitatu tu akafa. Ndiyo maana pesa zake ni adimu. Nilimbembeleza miaka yule Mgiriki mzee wa duka la vitambaa, akakubali kuniuzia siku anafunga duka. Nawe umemtoboa Kaisari juu ya kichwa ukapitisha uzi mweusi. Kwa sisi tunaokusanya pesa za kale, dinari iliyotobolewa ni maiti.

Sasa sikia ulivyoniharibia. Ulipoondoka hapa baada ya Idi, nilifungua kisanduku nikakuta pengo. Wewe hukunijia akilini. Nani humdhania nduguye? Nikamgeukia Ferdinand, fundi redio niliyegawana naye kibanda tangu hujaolewa. Nikampekua mifuko mbele ya wateja. Hakupiga kelele. Alikunja waya zake akasema, "Rajabu, mi sijagusa kitu yako. Unaniita mwizi mbele ya watu? Apana. Mi naenda." Kahamia mtaa wa Kinama. Nilipoipata ile picha nilimfuata huko, nikamwonyesha, nikamwomba radhi. Aliitazama, akanirudishia simu. "Mutoto ni muzuri," akasema, akaendelea kulehemu redio ya mtu. Hata kiti hakunipa.

Nilipokuandikia kukuuliza kwa nini, ukanijibu, "Kaka, ulisema haifi."

Ni kweli nilisema. Nilikuwa nakuonyesha chini ya lenzi, nikajisifu kwamba fedha hii imezika wafalme na yenyewe bado ipo. Sikukumbuka kwamba nasema na mama aliyezika watoto wawili. Lakini kinga ya fedha ya kumlinda mtoto na kifo naijua, hata mimi nilivishwa utotoni. Si ungeniomba? Sonara yupo mtaa wa pili, angekutengenezea kidani cha fedha safi siku ileile. Na kama ungeitaka dinari yenyewe, pengine ningekupa. Umeninyima hata nafasi ya kukupa, na hilo linaniuma kuliko tundu.

Jana nilizitoa zilizobaki, nizitazame nipoze hasira. Ile ninayoipenda, ya mfalme mwenye ndevu, niliiweka chini ya lenzi nikaona juu ya kichwa doa la duara, fedha yenye rangi tofauti kidogo. Ni tundu lililozibwa zamani. Miaka yote naishika na sikuliona. Kumbe kuna mtoto wa watu aliivaa, na mama yake naye hakumwuliza mtu. Nikafunga kisanduku, hasira ikiwa palepale.

Basi, dinari sitaidai. Nimempa mtoto; wewe sikukupa. Lakini utapanda gari uje Bwiza na mtoto mgongoni, twende Kinama, useme kwa mdomo wako mbele ya Ferdinand na wateja wake ni nani aliyeichukua. Usipokuja, mlango wangu usiujue tena.

Nisalimie mama, mwambie miwani yake iko tayari. Nisalimie shemeji, aendelee na cherehani yake na picha zake. Nisalimie mjomba mwadhini, na shangazi muuza mawese. Wewe salamu yako nimekupa pale juu, inatosha.

Kaka yako,
Rajabu, fundi saa

Uzi niliouona pichani ni mwembamba. Tia ulio imara, isije ikamponyoka.