Nahodha wa Maji ya Kiunoni

Kwako Papa Ntumba, uliye Kakanda,

Nimepata ujumbe wako wa sauti. Niliusikiliza mara tatu nikisonga bukari, na mara ya tatu ilibidi niweke mwiko chini nicheke vizuri. "Mama Ntumba, minye nilisha kukusamehe. Tengeneza bwato yetu ya tanga, tutaenda tena. Lakini safari hii usiogope mayi." Umenisamehe! Haya. Mwaka jana ulinisema mbele za watu, nami leo ninakujibu mbele za watu. Anayetaka kuisoma barua hii aisome.

Unakumbuka tulivyoanza? Parokia ilitangaza mashindano ya mitumbwi ya tanga kwenye ziwa Tshangalele, kufuata ufuko, kutoka kambi moja ya wavuvi hadi nyingine. Kila mtumbwi uwe na mume na mke, cheti cha ndoa mkononi. Ulitoka misani umenishika mkono, jambo ambalo hukulifanya tangu siku ya harusi. "Weye na minye," ukasema, "tutabapita bote." Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Jumamosi ile tulishona tanga kwa turubai kuukuu la lori, mimi kwenye cherehani, wewe umeshika upande wa pili lisikunjamane, ukiimba nyimbo za kwenu Kasai ambazo hata maneno yake huyajui nusu. Siku hiyo nilikupenda sana. Ninakuambia ili ujue kwamba kulikuwa na kitu, na kitu hicho ulikivunja mwenyewe.

Maana baada ya hapo ukageuka kapiteni. Mtumbwi ukaupandisha juu ya mapipa mawili uani kwetu, mtaa wa Panda, ukaniketisha ndani, ukanunua filimbi. "À gauche! Inama, Mama! À droite!" Miezi mitatu nimeinama kwenye vumbi, majirani wamejipanga ukutani wanatafuna karanga. Ukuta wetu ni mrefu, hata jani halitikisiki pale, lakini wewe ulilamba kidole na kukiinua juu kutafuta upepo. Kitabu cha Kifaransa ulikishika kwapani, sijui ulifika ukurasa wa ngapi.

Hukuniuliza hata siku moja kama ninajua kuogelea. Mimi, binti wa mvuvi wa ziwa lilelile! Niliogelea kabla sijajua kusoma. Siku ulipoifunga kamba ya tanga kwenye kiti, kwa fundo lako la mtunza depo, lile la kufungia mifuko ya ghalani, nilikuambia kwa adabu, "Kamba hii habaifunge, Papa. Banaishika ku mukono, upepo ikizidi unaachilia." Ukanitazama kama mtoto aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa. "Minye njo capitaine. Weye kamata kafi yako."

Nikakamata kafi yangu.

Siku ya mashindano, upepo wa kweli ulipotupata hatukuwa mbali na matete hata hatua thelathini. Ulikuja kwa ubavu, tanga likajaa, na fundo lako, hongera, halikuachia. Tukapinduka. Nilisimama, na maji yakanifika kiunoni. Wewe unanizidi kichwa kizima, Papa Ntumba, lakini ulinipanda mabegani ukilia, "Ninakufa! Mama yangu, ninakufa!" Nikakuambia, "Simama. Simama tu." Hukusimama. Nilikukokota kwa kola ya shati mpaka kwenye matete, kisha nikarudi kukata kamba kwa kisu na kuugeuza mtumbwi. Mitumbwi mingine ilikuwa imeshatangulia, hakuna aliyeona.

Nilipofika ufukoni nikiuvuta mtumbwi, wewe ulikuwa umeshafika kwa watu na hadithi ilikuwa tayari. "Bibi yangu aliogopa mayi, njo tulianguka." Watu wakanitazama kwa huruma. Nilifundishwa na mama yangu kwamba aibu ya mume hufungiwa ndani ya nyumba. Nikakupa kiatu chako nilichokiokota majini, nikanyamaza.

Mficha uchi hazai. Ungeniambia hujui kuogelea, ningekufundisha kwa wiki mbili, na hata padri asingejua.

Baada ya hapo ukapata kazi Kakanda, ukaenda, ukaniachia mtumbwi na jina. Sokoni waliniita Mama Mayi. Mvua ikinyesha, wenzangu wa kwaya walinishika mkono kunivusha mtaro, wanakufa kwa kicheko, nami nilicheka nao. Hayo yote niliyaweza. Lakini siku moja Ntumba alirudi toka shuleni, akasimama mlangoni na mkoba wake mgongoni, akaniuliza, "Mama, juu ya nini uliharibisha siku ya Papa?" Mtoto wangu mwenyewe. Nilinyamaza hata mbele yake, na chakula kilinishinda siku mbili. Hilo ndilo nisilokusamehe, si ziwa.

Bahati mbaya yako, ujumbe wako ulipoingia Ntumba alikuwa karibu yangu anamenya karanga. Alisikia vizuri jinsi ulivyonisamehe. Basi nikamweleza yote. Alienda uani, akakuta fundo lako bado liko kwenye kiti cha mtumbwi, maana nilikata kamba tu, fundo lilibaki. Alijaribu kulifungua kwa vidole, kisha kwa uma wa jikoni, akashindwa. "Papa anajua kufunga," akasema. Halafu akauliza maji yalifika wapi. Nikaweka mkono kiunoni. Naye akaweka wake kiunoni, akautazama.

Sasa sikiliza jibu lako. Mtumbwi nimeutengeneza. Mwaka huu wamesema mjane anaruhusiwa kupanda mtumbwi mmoja na mtoto wake. Jumapili tulienda parokiani kujiandikisha, mimi na Ntumba, tukapanga mstari. Mama anayeandika majina akauliza, "Bwana iko wapi?"

"Alizama," nikasema.

Akashusha kalamu. "Alizama lini? Hatukusikia kilio."

"Mwaka jana. Mu mayi ya hapa." Nikamwonyesha kiunoni.

Alinitazama, akamtazama Ntumba. Ntumba akatikisa kichwa kukubali. Yule mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, wa nyuma yetu wakauliza kuna nini, naye akawaeleza. Kisha akaandika majina yetu.

Kamba ya tanga ataishika Ntumba, mkononi. Usisumbuke kuja. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na wewe ulishavaa zamani ukaondoka. Baki salama huko Kakanda, na uoge kwa ndoo.

Mjane wako,
Mama Ntumba