Kwa Nini Nakuita Kadudu

Rehema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Chang'ombe hatujambo, babu yako bado anagombana na redio.

Umenuna nilivyokuita kadudu mbele ya wenzako wa bweni, unauliza neno mdudu limetoka wapi. Asili yake siijui. Mie nimekuta kila kinachotambaa ni mdudu, hata kidole kikitunga usaha wanasema ni mdudu. Hilo jina lako la kadudu ndilo nalijua lilikotoka.

Nilipomzaa mama yako, majirani walijaa kuja kumtazama. Kwetu mtoto mchanga hasifiwi, asije akapatwa na kijicho. Basi bibi yangu akamfunua kanga, akatangaza, "Kadudu tu haka, tena kabaya!"

"Kabaya kweli!" wakaitikia, meno yote nje. Nikacheka mpaka mshono ukauma.

Kwa hiyo usinune. Kati ya wajukuu wangu wote, hakuna kabaya kama wewe.

Bibi yako