Riziki Anauliza Kama Yule Kijana Alipokelewa

Mama Feza, mwenzangu,

Anayeandika ni Feza wako. Mimi nasema, yeye anaweka kwenye karatasi, maana mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Analia. Nimemwambia alie pembeni, wino usilowe. Na asiyanyooshe maneno yangu, wewe unajua jinsi ninavyosema.

Tangu tukulaze pale makaburini, mambo yamegeuka hapa Kasongo. Mvua imekata tena njia ya Kabambare, pikipiki zinapita kwa shida. Kanisani wamenunua mikro na bafle mbili za kupaza sauti, kila moja kubwa kama mulango. Siku ya soko wanaziweka karibu na wauza makayabu, samaki wa chumvi, pasta mupya anahubiri mpaka samaki wanaruka juu ya meza. Watu wanasikia, ndiyo. Wanasikia huku wanapatana bei. Kisha wanaenda kwao.

Pasta si mutu mubaya. Alikuja kwangu, akala bukari yangu ya muhogo akaimaliza, akasema, "Mama, Injili ya kutembea na mutu mumoja-mumoja ilikuwa ya zamani. Mumechoka, mupumzike. Sasa tunataka kanisa likue haraka." Nikamuuliza, "Tata pasta, hili kanisa ulilikuta limejaa. Nani alilijaza?" Akaomba maji ya kunawa. Basi najibu mimi: ni wewe, pale mutoni tunapoloweka mihogo.

Hakuna mwanamuke anayeweza kujitwika peke yake kitunga cha mihogo inayochuruzika maji. Wewe ulikuwa unakaa juu ya lile jiwe kama mutu asiye na kazi, unangoja. Anayetaka kutwikwa, unamutwika. Halafu unatembea naye, unamuanzishia habari za Yesu. Na ukorofi wako! Mukifika kwake unamutua muzigo, unakata hadithi katikati. "Nyingine kesho."

Mimi mwenyewe ulinikamata hivyo. Nilikuwa nimemuzika mutoto wangu, sikutaka kusikia Mungu wala jirani. Ukaniacha na wale watu ndani ya mutumbwi, upepo unawapiga, Yesu amelala usingizi. Nilikasirika sana. Asubuhi nikaja mutoni na kitunga kitupu, bila muhogo hata mumoja, kujua tu kama walizama. Ukacheka mpaka ukaketi ndani ya maji.

Sasa sikia ubaya. Riziki, yule mwanamuke aliyerudi kutoka machimbo ya Salamabila, anayepika pombe ya lotoko na kuwauzia vijana wanaochimba zahabu. Komite ya kanisa ilisema asifuatwe, atachafua jina la kanisa. Wewe ukamufuata. Ukamuanzishia hadithi ya yule kijana aliyekula mali ya baba yake mpaka akatamani chakula cha nguruwe. Ukamuacha kijana yuko njiani, anarudi. "Nyingine kesho," ukamwambia. Kesho yake ukafa. Mama Feza! Mutu anakufaje hivyo?

Alikuja kwa matanga yako. Alileta kuni, muzigo mukubwa, akasimama nao mbele ya watu wote. Jirani zetu Waislamu walikuwa wameleta mikeka, ndiyo tuliyokalia. Na sisi wamama wa kanisa, juu ya mikeka ya wengine, tukamuangalia tu. Mutu analeta kuni za kilio, munamuacha amesimama, shingo inatetemeka! Hata adui hatumufanyii hivyo. Mumoja wa kwaya akasema, "Angalieni vizuri, labda katikati ya kuni kuna chupa."

Nikasimama. Magoti yalilia kama mulango wa zamani. Nikamutua. Nikamugeukia yule wa kwaya, "Na wewe, siku ulipofika hapa na mimba isiyo na baba, nani alikutua? Si huyu tunayemulilia?" Feza anataka nisiseme hiyo. Andika, Feza.

Riziki akainama kwa sikio langu. Hakuuliza ugonjwa gani ulikuua. Akauliza, "Mama, yule kijana, baba yake alimupokea?"

Jibu ninalijua. Lakini nimwambieje kwamba baba alimuona kwa mbali akakimbia kumukumbatia, na sisi tulikuwa tumemuacha na kuni kichwani? Angeniita muongo, na haki ingekuwa yake. Nikamwambia, "Nyingine kesho, mutoni."

Tangu siku ile nakaa juu ya jiwe lako. Komite imeniita. Nikiendelea kutembea na Riziki, wataniondoa kwa benchi ya wamama wakubwa. Nikawaambia, ile benchi ni ngumu, muichukue, makalio yangu yatawashukuru. Bafle inaweza kumuita mutu, sawa. Akifika na muzigo wake, bafle itamutua? Nimekataa kumuacha. Wakiniita tena, nitakataa tena.

Sikudanganyi: Riziki bado anapika lotoko. Nani atamutunzia watoto, akiacha leo? Tutaona pamoja, polepole. Ananipiga maswali yanayonishinda. Juzi akasema, "Nikija kanisa watanitemea mate." Nikamwambia, "Njoo, tuone mate ya nani yatakauka kwanza." Akacheka. Ni mara ya kwanza nimemuona meno. Amesema siku ya Mungu, Jumapili inayokuja, atakuja.

Lala, mwenzangu. Mutoto wangu akiwa karibu nawe huko, umumalizie hadithi zote, usimukatie. Hii ya Riziki, ya yule kijana, sijaimaliza bado, uniachie mimi. Nakuahidi: siku ile sitaketi ndani. Nitasimama kwa mulango wa kanisa, macho kwa njia inayotoka mutoni. Kwaya iimbe, pasta ashike mikro yake. Nikimuona Riziki anatokea kule mbali, nitakimbia. Na haya magoti, mbele ya komite yote, nitakimbia.