Kikombe cha Ramtha

Karak, 3 Oktoba

Hazza,

Miezi saba hujakanyaga hapa! Ningekufa, ungepata habari kwa wauza makaa. Salamu alaikum hata hivyo. Mimi mzima, goti la kushoto tu. Shingo yako je? Nikikupigia simu unakata, basi namtajia maneno Umm Laith wa jirani aandike. Karatasi haikatiki.

Sikusoma, lakini macho ninayo. Pambano lako la mwezi jana nimelitazama mara nne. Ubaida wa Ramtha alikukaba shingo, ukamgonga mgongoni mara mbili. Huko kizimbani mnakopigania hiyo ni kusema "basi, umenishinda". Alipokuachia akakupa mkono, ukaupiga kofi, ukawaambia watu hukugonga! Kweli, kiganja chako kilifichwa na mwili wake. Ila kiwiko nilikiona kikipanda, na uso wako naujua, nimekulea mimi.

Umm Laith anasema nipunguze makali. Nimemwambia: andika!

Bibi yako, Wadha

Amman, 11 Oktoba

Bibi yangu,

Shikamoo. Shingo imepona, pole na goti. Bibi, waandaaji wamezuia mkanda wa ubingwa wa Ubaida mpaka tarehe kumi Novemba, watakaposikiliza malalamiko yangu. Mwamuzi anasema niligonga, ila picha hazionyeshi. Nikishikilia neno langu, pambano linafutwa, tunarudiana. Nimejifua miaka sita kwa ajili ya mkanda ule! Na watu wa Ubaida walinizomea: "Rudi Karak ukachunge mbuzi!"

Mjukuu wako, Hazza

Karak, 17 Oktoba

Hazza,

Goti linauma, usiulize. Mbuzi uliwachunga siku mbili, ukapoteza watatu, kwa hiyo usijione umetukanwa.

Nenda kwao Ramtha. Ukipewa kahawa, weka kikombe chini, usiguse. Baba yake atakuuliza una haja gani. Hapo sema ukweli, uombe radhi. Wakikubali, ndipo unywe. Haya uliyaona kwa babu yako tangu hujaota meno.

Bibi yako

Amman, 1 Novemba

Bibi,

Natumaini goti limetulia. Nilikwenda. Njia nzima koo lilinikauka kwa woga. Kikombe kilipofika nikakinywa chote, tena nikakitikisa kama mtu aliyetosheka! Baba yake akanitazama. "Umekunywa. Kumbe umekuja kututembelea tu. Karibu sana." Ubaida akacheka: "Bingwa wa Karak, hata kahawa imekukaba!"

Nikaaga bila kuomba radhi. Labda Mungu hataki.

Mjukuu wako

Karak, 3 Novemba

Hazza,

Mungu usimsingizie. Kunywa maji kabla hujaingia, mpumbavu wangu, urudi. Zimebaki siku saba.

Bibi yako anayekupenda kuliko macho yake

Amman, 12 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Siku moja kabla ya kikao nilirudi. Kikombe nikakiweka chini. Baba yake akaniuliza nina haja gani. Nikasema, "Niligonga. Mara mbili. Ubaida alinishinda kihalali, nami nikamvunjia heshima. Kesho nitayasema haya kwa waandaaji. Naomba mnisamehe."

Mzee akamgeukia mwanawe. Ubaida akakitazama kikombe changu mpaka kahawa ikapoa. Mwishowe akasema, "Niliyasikia yale mapigo mgongoni. Wiki zote hizi nilianza kudhani niliota." Akaimwaga ile ya baridi, akanimiminia ya moto. "Kunywa, ndugu yangu."

Kikaoni nimesema mbele ya wote. Mkanda amepewa. Mimi nimefungiwa mwaka mzima kwa uongo wangu, na marudiano hakuna. Leo alfajiri nilikuwa mazoezini kama kawaida. Mwaka utaisha, nami nitakuwepo.

Mjukuu wako, Hazza

Karak, 15 Novemba

Hazza wangu,

Mimi mzima, hata goti leo limesahau kuuma. Umm Laith amenisomea barua yako mara tatu. Yeye kalia, mimi niliingiwa na moshi machoni tu. Sasa ndiyo umeshindwa kama mtu wa kwetu.

Ijumaa ijayo uje, na Ubaida uje naye. Kondoo nimeshamchagua. Kichwa kitaelekezwa upande wa Ubaida, heshima ya mgeni. Wewe ni mwenyeji, usikae naye kula kwenye sinia. Simama na bakuli la mchuzi wa mtindi, ummiminie kila wali wake unapokauka, mpaka anyanyuke mwenyewe. Hapo ndipo unawe mikono, ule.

Bibi yako, Wadha