Bendera Zilizopimwa kwa Uzi

Majengo, Nairobi

Ndugu yangu Hamisi,

Natumai barua hii itakukuta umeketi barazani kwa mama, na si kwengineko. Nimemkabidhi Bi Zuhura, jirani yangu muuza leso, anayeshuka pwani kwa arusi ya mwanawe. Sikutaka kukueleza kwa simu. Mambo haya ukiyasema kwa simu yanageuka kichekesho, na wewe ukishaanza kucheka husikii tena. Shuleni tulifundishwa kuanza kwa kusema "mimi ni mzima wa afya". Mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sijui niuitaje. Mama macho yanamwendeaje? Bado anaikataa miwani eti inamzeesha? Na mkeo, ile mimba imetulia?

Huku Majengo maisha ni yale yale, maji huja yakijisikia. Kazi bado ninayo pale Kariokor, nyuma ya washona akala za matairi. Tuko watatu kibandani: mimi, Mama Mutua wa kutoka Mwingi ambaye ndiye mwenye cherehani, na Wafula mshona makoti, mtu wa Bungoma, ambaye mdomo wake huchoka akilala tu. Tangu redio ianze kutaja vijana wa kwetu wanaotaka pwani ijitenge, mimi nimefanywa balozi.

"Mama Rama, sasa nyi mkitoka Kenya itakuwa aje?" aliniuliza juzi. "Nikitaka kuja kuogelea Diani nitafute pasipoti?"

"Na mimi nikitaka kwenda kumzika mamangu je?" nikamjibu.

"Hapo sasa umenimaliza," akasema, akarudi kwenye koti lake.

Usidhani niliwasema vibaya wenzako, Hamisi. Hasira yako ni yangu pia. Kilima chetu kinachimbwa madini, malori yanashuka yamefunikwa maturubali, na kisima cha mama kimekuwa na ladha ya chuma. Mimi mwenyewe nilipokwenda kutafuta kitambulisho niliulizwa nilete cheti cha bibi yangu, kana kwamba babu zetu walihamia juzi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ungeniuliza mwaka jana kama tujitenge ningesema naam, kesho asubuhi, na ningekushonea bendera kwa mkono wangu. Ndipo zikaja bendera zenyewe.

Ilikuwa mchana, jua kali, soko limejaa. Akaingia mwanamke amejifunga leso mbili. Akanisalimu kwa Kidigo, kile Kidigo chetu cha mlimani kinachovuta maneno, na akaniita Siti. Hapa hakuna mtu anayelijua jina hilo, wote huniita kwa jina la mwanangu. Nikafurahi! Nikamvutia kigoda, nikamuuliza ni wa mlango gani. Akasema, "Wa hapo hapo kwenu," basi. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu wa kilimani, mbichi, kama mtu aliyetoka kisimani sasa hivi.

Alitaka bendera za nchi yetu. Kitambaa alikuja nacho, jora la cheupe, na utepe mwekundu wa kupitisha katikati. Nikamuuliza vipimo. Akafungua pindo la leso akatoa kitita cha nyuzi, zimekatwa, kila moja na urefu wake. "Kila uzi bendera yake," akasema. "Na mwanangu, usipige fundo."

Mama Mutua akapokea kazi, maana kazi haikataliwi. Mimi nilikaa na zile nyuzi mkononi, nikizinyoosha moja moja.

Wewe ulikuwa ukikimbilia mpira, huenda hukuwahi kumtazama mama akifanya kazi yake ya kukata sanda. Mama hatumii futi. Humpima maiti kwa uzi, utosini hadi kisiginoni, akashona bila fundo ili safari isikwame. Na uzi uliompima mtu haupimi mwengine, huzikwa naye. Nilimsaidia tangu sijavunja ungo. Kwa hiyo najua ninachokisema: zile zilikuwa nyuzi za watu.

Nilishona, Hamisi. Nilijiambia nimezeeka kabla ya wakati, nimekuwa wa kuona mashetani kwenye nguo. Lakini kitambaa kilikuwa kinanuka udongo wa mvua, na huku Nairobi haijanyesha. Kila nilipomaliza moja nilikuta nimeikunja kwa namna ile mama anavyokunja sanda, pande tatu, bila ya mimi kutaka. Wafula akaiinua moja akajipima nayo. "Manze, hii bendera itatoshea mlingoti gani? Hii ni ya kufunika mtu." Alicheka peke yake. Nilipowauliza baadaye yule mteja alifananaje, Wafula alisema ni msichana wa rika la binti yake. Mama Mutua akamwambia ana wazimu, yule ni mwanamke mkongwe asiye na meno. Mimi nilimwona wa makamo, meno yote mdomoni.

Uzi wa mwisho ulikuwa mrefu kupita yote. Unakumbuka nilivyokushonea kanzu ya arusi, nikakutukana kwa kunimalizia kitambaa, mnazi usiozaa wewe? Mkono wa fundi hausahau. Nikaupima ule uzi kwa shibiri, nikaurudia, nikaulaza juu ya meza nikaupima tena. Ni wewe. Ni wewe, na upana wa kile kidole kimoja ulichokizidi kitambaa changu.

Nikakumbuka ulivyonieleza kwa simu kwamba kuna siku mtapanda kilimani, mle viapo, mpandishe bendera mbele ya geti la machimbo. Ulisema mtakaoapa mtaviringishwa bendera na risasi haitawashika. Nilicheka siku ile. Sasa nakuuliza, na Mungu akiwa shahidi: wakati wa kuapa, kuna mtu aliyekupima kwa uzi? Mwanamke? Alikushika kichwani hapo utosini?

Nchi ni kitu cha kudai, sikatai. Idaiwe barazani, mahakamani, barabarani, hata kwa makelele. Lakini nchi inayoanza kwa kuwakatia vijana wake sanda kabla haijawachimbia kisima, hiyo ni nchi ya nani? Watakaokalia madini watakuwa hai. Ninyi mtakuwa chini pamoja nayo.

Ile ya mwisho sikuishona. Niliuchukua uzi wako nikautia kwenye jiko la makaa la Mama Mutua. Uliungua polepole, unanuka nywele.

Yule mteja alirudi jana kuchukua mzigo wake. Hakuhesabu, alipitisha kiganja tu juu ya zile bendera, akasema, "Mrefu hayupo."

"Uzi wake uliungua, mama," nikamwambia.

Nilidhani atagomba. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwanawe mjinga. Akasema idadi haipungui. Kisha akavuta uzi kwenye kigurudumu cha uzi juu ya cherehani ninayoshonea, akaniambia nisimame wima. Nami nikasimama, Hamisi. Sijui kwa nini. Mkono wake ulikuwa baridi utosini, nikamsikia akishuka na uzi mgongoni hadi kisiginoni. Wafula alikuwa akipiga mluzi, Mama Mutua akihesabu vifungo, hakuna aliyeona ajabu. Akaukata uzi kwa meno.

"Utakuwa mfupi kidogo," akasema, "lakini unatosha." Akatoka na mzigo wake sokoni. Nilimwangalia mpaka watu wakamfunika.

Sikukwambia haya ili unilipe. Ninaogopa, sitakudanganya, naogopa mpaka nalala nimewasha taa. Lakini ningesimama tena.

Msalimie mama, umbusu mikono yake iliyonifunza kazi, na usimsomee barua hii. Msalimie mkeo, umwambie asibebe maji. Msalimie shangazi aliyetulea tulipofiwa na baba, na maalimu wetu wa chuoni aliyetuchapa sote sawasawa.

Siku hiyo ikifika, wakija kukuita, usitoke. Waambie nyumba hii ishatoa mtu wake.

Ni mimi dadako wa tumbo moja,
Siti